Breki za BMW M, AMG na Porsche: kukereza diski hakuokoi pesa

"Nibadilishie pedi tu, diski zipelekwe zikakerezwe," yaani uso wake ukwanguliwe kwa mashine uwe laini. Wenye BMW M3, Mercedes-AMG na Porsche Cayenne wanalisema hili kila siku, na karibu kila mara diski zenyewe hazijapimwa. Mtu ameuliza bei ya diski, ameshtuka, halafu rafiki akamwambia kwamba kwa mkerezaji atalipa kidogo na gari litakuwa kama jipya. Si kweli, na mikromita, kifaa cha kupima unene, ingemwonyesha hivyo kwa dakika tano.

Pembeni mwa diski au kwenye kofia yake, sehemu ya katikati iliyoinuka, pamegongwa MIN TH ikifuatwa na namba. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Diski nyingi za mbele za BMW zenye unene wa milimita 30 zina kikomo cha 28.4. Kwa hiyo tangu ikiwa mpya hadi kutupwa, una milimita 1.6 tu za kutumia, na hizo ni za pande zote mbili zikijumlishwa. Tuseme pedi za kwanza zimeisha na mikromita inasoma 28.9. Mkerezaji akitoa 0.3 kila upande ili apate uso laini, inabaki 28.3. Diski hiyo imeshapita kikomo kabla haijarudishwa kwenye gari, na pedi mpya hazijaanza hata kuila.

Hapo ndipo hoja ya Corolla huletwa: mbona ile ilikerezwa na inatembea? Nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Gari la kilo 1,700 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinageuza takriban kilojuli 650 kuwa joto. Kutoka 200, ni kilojuli 2,600. Pedi za magari haya hushika kwa nguvu na hula diski, na ndivyo zilivyokusudiwa: diski ni kitu cha kuisha, kama tairi. Diski nyembamba ina chuma kichache cha kubeba joto. Ukishuka mteremko wa Kitonga nayo, inapata moto haraka, nyufa zinaanzia kwenye matundu, mafuta ya breki yanachemka na pedali inazama mguuni.

Wengine hukereza kwa sababu usukani unatetemeka wakishika breki, wakisema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Ama nyenzo ya pedi imeganda juu yake kwa mabaka, ama kutu kwenye habu, kitovu diski inapofungwa, imeinamisha diski kidogo sana hadi ikaliwa bila usawa. Ukikereza na kuifunga juu ya kutu ileile, mtetemo utarudi. Kazi sahihi ni kusugua habu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kupima mchezo wa diski, yaani inavyoyumba ikizungushwa, kwa geji ya mshale, kisha kukaza boliti za rimu kwa mtindo wa nyota kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza: Cayenne ni Nm 160, BMW nyingi ni kati ya 120 na 140 kulingana na modeli. Usimruhusu mtu amalizie na mashine ya upepo.

Sasa piga hesabu. Umelipa mkerezaji, pedi na ufundi. Diski zikifa mapema utanunua diski, pedi nyingine, na ufundi tena. Kukereza kunafaa pale tu ambapo baada ya kutoa uso bado kuna unene wa kuzitosha pedi mpya hadi ziishe, na kwa diski hizi ni nadra. Badilisha diski na pedi za ekseli nzima kwa pamoja, kisha zizoeshe: punguza mwendo kutoka 80 hadi 20 kama mara kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha taratibu zipoe bila kukanyaga pedali.

Kuhusu "gari langu lina breki za seramiki": pedi za seramiki zinazofanya kazi na diski za chuma si diski za kaboni-seramiki. Diski moja ya chuma ni mamia ya dola. Ya kaboni-seramiki ni maelfu. Kalipa (vibanio vya pedi) za njano kwenye Porsche kwa kawaida ni dalili ya PCCB, yaani diski za kaboni-seramiki, na nyeupe kwenye Cayenne ya kuanzia 2018 ni PSCB, diski ya chuma iliyopakwa tungsteni kabidi. Lakini rangi hupulizwa na yeyote, kwa hiyo agiza spea kwa namba ya chesisi. PCCB na PSCB zote hazikerezwi. Ya kaboni-seramiki hupimwa kwa mizani na kulinganishwa na uzito wa chini uliogongwa juu yake, na rimu ikigonga ukingo wake wakati wa kufunga inaweza kuumega. Tumia pini za kuongozea rimu, kila mara.

Wapo pia wanaodai kwamba bei yote ni ya nembo; kuna ukweli kidogo kwenye pedi. Textar, Pagid na ATE huuza pedi nzuri kwenye maboksi yao kwa bei ya chini. Lakini pedi ya kalipa ya pistoni sita ni kubwa zaidi, na ya C-Class ya kawaida haiingii kwenye AMG C63.

Taa ya pedi kwenye dashibodi haijawaka? BMW nyingi zina sensa gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia tu. Pedi za upande wa pili zinaweza kuisha kimya kimya. Kagua zote nne, hasa za ndani, na ubadilishe zikifika milimita 3.

Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa: kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 yakiwa mapya, 155 yakishanyonya maji. Badilisha kila miaka miwili, usichanganye na DOT 5 ya silikoni.

Na pedi za nyuma si kazi ya kubana pistoni kwa klampu tu. Penye breki ya mkono ya umeme juu ya kalipa, skana iiweke kwanza kwenye hali ya matengenezo, la sivyo mota inaweza kuvunjika. Mercedes E-Class W211 za hadi katikati ya 2006 zina SBC, breki zinazosukumwa na pampu ya umeme: mfumo usipozimwa, pampu inaweza kuamka yenyewe na kusukuma pistoni huku vidole vya fundi vikiwa ndani ya kalipa.