Je, Wajua Kwa Nini Surua Huenea kwa Kasi Kuliko Mafua?

Mtoto mmoja mwenye surua, akiingia katika jamii ambayo hakuna aliyewahi kuugua wala kuchanjwa, huambukiza kwa wastani watu 12 hadi 18. Mgonjwa wa homa ya mafua ya msimu huambukiza mmoja au wawili, na virusi vya korona vilipoanza kusambaa mwaka 2020 kila mgonjwa aliambukiza wawili au watatu hivi. Magonjwa yote matatu hupita katika pua na koo, na yote hupenda mikusanyiko, kwa hiyo msongamano wa watu peke yake hautoshi kueleza pengo kubwa namna hiyo. Lazima surua, ambayo wengine huiita ukambi, iwe na jambo lake la pekee, na jambo hilo huanzia ndani kabisa ya mwili, kabla hata ya kikohozi cha kwanza.

Virusi vingi vya njia ya hewa hushambulia moja kwa moja seli zilizotanda ndani ya pua na koo. Kirusi cha surua hakianzii hapo. Mtu anapokivuta kwa pumzi, hudakwa na seli za kinga zinazolinda mapafu, zile ambazo kazi yake ni kukamata wavamizi. Juu ya seli hizo kuna protini iitwayo CD150, na hiyo ndiyo hukifungulia mlango. Walinzi hao, wakiwa tayari wameambukizwa, hukibeba hadi kwenye tezi za limfu, ambako huzaliana kwa wingi na kisha kusambaa pamoja na damu mpaka kwenye wengu, ngozi na viungo vingine. Kwa siku 10 hivi mtoto hucheza, hula na kulala kama kawaida, wala hakuna wa kumshuku. Baada ya hapo seli za kinga zilizoambukizwa hurudi kwenye njia ya hewa, safari hii zikitokea upande wa nyuma wa ukuta wake, na kukikabidhi kirusi kwa seli za ukuta huo kupitia protini ya pili inayoitwa nektini-4. Virusi humwagika ndani ya koromeo la hewa, palepale kikohozi kinapopata nguvu yake. Naona hapa ndipo penye kiini cha jibu: kirusi hiki hujilimbikiza kwanza mwili mzima, kisha hujitokeza kwa wingi mahali panapofaa zaidi kutupwa nje.

Wakati hayo yakitendeka, dalili zinazoonekana ni homa, makamasi, kikohozi kikavu na macho mekundu yanayotoa machozi. Hakuna mzazi wa kulaumiwa akisema ni mafua. Mtu anayejua pa kutazama anaweza kuona vidoa vidogo vyeupe ndani ya shavu, mkabala na magego, lakini vidoa hivyo hupotea upesi na wengi hawavioni kamwe. Upele, ambao ndio kila mtu anaujua, hutokea takribani siku ya 14 tangu mtoto alipoambukizwa, ukianzia usoni na nyuma ya masikio kabla ya kuteremka kifuani na miguuni. Mtoto huyo, hata hivyo, alianza kuambukiza wengine siku 4 kabla ya upele, na ataendelea kwa siku 4 baada yake. Katika siku zile 4 za mwanzo amekwenda shule, amepanda daladala, amelala kitanda kimoja na ndugu zake, na pengine amepakatwa kwenye benchi la kliniki katikati ya watoto wachanga waliopelekwa kupimwa uzito. Mpaka jina la ugonjwa litajwe, nusu ya kazi ya kuambukiza imekwisha.

Kisha kuna hewa yenyewe. Wengi wetu tumefundishwa kuogopa matone makubwa ya mate, yale yanayoanguka chini ndani ya hatua moja au mbili, na mafunzo hayo yana faida yake, lakini surua haitegemei matone hayo tu. Mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au hata anapozungumza, hutoa pia chembechembe ndogo sana zinazobaki zikielea na kutandaa chumba kizima, kama harufu ya udi inavyomfikia aliyekaa mbali na chetezo. Katika chumba kilichofungwa kirusi huweza kubaki hai hewani kwa muda wa hadi saa 2, kwa hiyo mtu huweza kuambukizwa na mgonjwa ambaye hakumwona, aliyekwisha kuondoka kabla yeye hajaingia. Kati ya watu 10 wasio na kinga watakaokaa karibu na mgonjwa, 9 huambukizwa.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Kuanzia mwaka 1937, mtafiti wa Marekani William Wells alifunga taa za mionzi ya urujuanimno, inayoua vijidudu hewani, katika baadhi ya madarasa ya shule mjini Philadelphia. Surua ilipozivamia shule zile mwaka 1941, watoto wa madarasa yenye taa waliambukizwa kwa uchache kuliko wenzao, ingawa waligusana na kucheza pamoja vilevile. Mwaka 1974, katika shule moja ya msingi ya jimbo la New York, mwanafunzi mmoja wa kike aliwaambukiza wenzake 28 waliokuwa wakisoma katika madarasa 14 tofauti. Wengi wao hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja. Mitambo ya jengo ilikuwa ikivuta hewa kutoka madarasani na kuirudisha humohumo, na kirusi kilisafiri nayo. Kunawa mikono ni jambo jema siku zote, ila hapo kusingewaokoa watoto wale.

Aliyeufuatilia ugonjwa huu kwa umakini wa kustaajabisha, kabla mtu yeyote hajajua kirusi ni nini, ni daktari kijana wa Denmark, Peter Panum. Mwaka 1846 alipelekwa na serikali yake kwenye visiwa vya Faroe, katika bahari ya kaskazini mwa Ulaya, ambako surua haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781. Katika wakazi 7,782, takribani 6,000 waliugua ndani ya miezi michache. Panum alizunguka kijiji kwa kijiji akiuliza nani alikutana na nani na lini. Aligundua kwamba wanaume 10 wa kijiji cha Tjørnuvík walikwenda tarehe 4 Juni kushiriki uwindaji wa nyangumi mahali paitwapo Vestmanna, ambako walichangamana na watu wengine, na tarehe 18 Juni wote 10 wakatokwa na upele. Ndivyo alivyozipata zile siku 14. Aligundua pia kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa na ugonjwa huo, ingawa ilikuwa imepita miaka 65. Moto ulipita nyumba zao ukawaacha, kwa sababu miili yao iliukumbuka.

Hapo ndipo hesabu ya chanjo inapopata maana. Ikiwa mgonjwa mmoja angeambukiza watu 15 wasio na kinga, basi ili asiambukize zaidi ya mmoja, inabidi 14 kati ya hao 15 wawe tayari na kinga, yaani zaidi ya asilimia 93. Kwa wale wanaoambukiza 18, kiwango hupanda zaidi, na ndiyo maana wataalamu wa afya husisitiza asilimia 95. Ugonjwa unaoambukiza wawili ungezimwa kwa nusu tu ya watu kuwa na kinga. Sasa zingatia kwamba chanjo ya kwanza, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9, huwakinga takribani watoto 85 katika kila 100, kwa kuwa kinga waliyorithi kwa mama huwa bado inaizuia kidogo kufanya kazi. Hata kama kila mtoto nchini angepelekwa kliniki siku hiyo, bado wangebaki 15 katika kila 100. Dozi ya pili, ambayo Tanzania na Kenya hutolewa mtoto akifika miezi 18, ndiyo hulifunga pengo hilo, nayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosahauliwa na wazazi wengi, kwa sababu kadi inaonekana imekwisha kujaa na mtoto ameshaanza kukimbia.

Pengo likiachwa, halikai wazi muda mrefu. Mwaka 2019 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata mlipuko ulioenea katika mikoa yake yote 26. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2020 walikuwa wameripotiwa wagonjwa wanaoshukiwa zaidi ya 300,000 na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ebola ilikuwa ikitangazwa kila siku katika nchi hiyohiyo na wakati huohuo, lakini waliokufa kwa surua walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa Ebola.

Zipo nyumba ambazo mtoto mwenye surua hufungiwa chumbani, madirisha yakazibwa ili asipigwe na upepo. Mwanga mkali kweli humuumiza macho, na pazia linatosha kwa hilo. Lakini chumba kisichopitisha hewa humlimbikizia kirusi kila anayeingia kumuuguza. Ni heri dirisha libaki wazi, auguzwe na mtu aliyewahi kuugua au aliyechanjwa, apewe vitamini A kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na kabla ya kumpeleka hospitali wahudumu wajulishwe mapema ili asisubiri kwenye foleni pamoja na wengine. Kwa ndugu zake ambao hawajachanjwa bado ipo nafasi, tena inatokana na ule mwendo mrefu wa kirusi kupitia tezi na damu: kinga ya chanjo hujengeka upesi kuliko ugonjwa unavyokomaa, hivyo mtoto akichanjwa ndani ya saa 72 tangu alipokutana na mgonjwa, anaweza kuepuka surua kabisa au kuipata kwa wepesi. Watoto wachanga walio chini ya miezi 6 hawapewi chanjo hiyo, na hao ndio wa kuondolewa kwanza katika chumba cha mgonjwa.