Saiti ya kwanza haianzi na kununua mega

Apa Goma batu bengi banasemaka kama kutengeneza saiti lazima ununue mega mingi za intaneti, ulipe jina ya saiti na nafasi kwa seva (kompyuta yenye inawekaka saiti kwa intaneti), ndio uanze. Inaeleweka, juu saiti tunazionaka tu kwa intaneti. Lakini ukurasa wa saiti ni faili ya maandishi, ata saiti ya kwanza kabisa ya 1991 ilikuwa maandishi na viungo (links), bila picha. Jaribu mwenyewe: fungua Notepad, andika <h1>Karibu Birere</h1> (h1 ni alama ya kichwa cha maneno), hifadhi kama index.html (si .txt, apo ndio bengi banakwamaka), zima intaneti, kisha fungua iyo faili na Chrome ao Firefox, utaona maneno inatokea kubwa na nzito. Seva utaihitaji siku unataka bengine baone, na ata apo kuko nafasi za bure.