Sikukosea: mgunga si Acacia tena

Juzi tena. Nimebandika kibao kipya kwenye bustani ya miche, Vachellia tortilis, na gundi haijakauka mgeni mmoja akanivuta pembeni kwa upole, kama anayemwambia mtu zipu iko wazi. "Mtaalamu, hapa umekosea. Mgunga ni Acacia. Na jina la kisayansi halibadiliki, ndiyo maana likaitwa la kisayansi." Huyo ni wa nne mwaka huu.

Linabadilika. Lililo gumu kubadilika ni nusu yake.

Mambo ya jenasi (jina la kundi) kwa herufi kubwa na spishi (jina la aina yenyewe) kwa herufi ndogo mnayajua. Linnaeus, Mswidi aliyeuweka utaratibu huo, 1753 kwa mimea, 1758 kwa wanyama, tusonge. Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefia Yemen mwaka 1763, aliuita mti huu Mimosa tortilis. Baadaye ukahamishiwa Acacia, sasa uko Vachellia. Tortilis, yaani uliosokoteka, kwa ajili ya yale maganda yake, imehama nao kila nyumba kwa sababu kanuni zinalilinda jina lililotangulia. Ndiyo maana Forsskål bado anaandikwa ndani ya mabano, akifuatwa na waliouhamisha. Mabano yale si pambo.

Kwa nini uhame? DNA ilionyesha kwamba Acacia ya zamani ilichanganya makundi yasiyo ya ukoo mmoja, ikabidi igawanywe. Jina hubaki na kundi lenye spishi ya kielelezo, yaani ile inayolishikilia jina la jenasi, na kielelezo kilikuwa Acacia nilotica, ya huku kwetu. Lakini Australia ina spishi karibu elfu moja, likatolewa pendekezo kielelezo kiwe cha kule, ili yabadilike majina machache. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea, Vienna, 2005: zaidi ya nusu ya kura zilipinga, ila kulikataa pendekezo ambalo kamati imeshaliunga mkono kulihitaji asilimia 60. Hazikufika. Mwaka 2011 mkutano uliofuata ukaridhia, tena Melbourne, kwa wenyewe. Wetu wengi wakagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Hesabu yao naikubali. Bado inaniuma.

Lakini linalonikera hasa ni hili: "Mbona nilotica imeandikwa niloticus? Mmekosea tahajia." Na anayeuliza ni mtu aliyelelewa na Kiswahili! Samaki sato aliitwa Tilapia nilotica. Alipohamishiwa Oreochromis akawa Oreochromis niloticus. Tilapia kisarufi ni jike, Oreochromis ni dume. Huo ni upatanisho, ndugu yangu. Mti mrefu, kiti kirefu. Kivumishi kimebadilisha kiambishi, nani kakosea tahajia? Ua letu la Usambara nalo lilikuwa Saintpaulia ionantha. Baadaye likaingizwa kwenye Streptocarpus, likawa ionanthus. Kilatini kina jinsia tatu tu. Wewe umebeba ngeli lukuki tangu hujaota meno, unaogopa tatu?

Jina la pili likiwa nomino, halipatani na yeyote. Yule nyani wa Rungwe alitangazwa mwaka 2005 kama Lophocebus kipunji. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake, Rungwecebus, na kipunji haikutikisika. Hilo ni jina walilompa wenyeji, kwa hiyo na ile ya "yote ni Kilatini" iishie hapo. Wala jina halilazimiki kusema kweli: Prunus persica, mfyulisi, ni "wa Uajemi", ilhali asili yake ni China. Uongo peke yake si sababu ya kulifuta jina.

Sasa nikiri. DNA inaniambia nani ndugu wa nani. Hainiambii uzio wa jenasi tuuzungushie wapi. Saintpaulia ingeweza kubaki kama Streptocarpus ingekatwa vipandevipande. Walioamua waliona heri kuunganisha, nami nafuata, nusu kwa kushawishika, nusu kwa uvivu wa kubishana. Porini bado ulimi wangu unasema "Acacia". Na ukiniletea kijitawi kisicho na ua wala ganda, mara nyingi naandika Vachellia sp., yaani spishi sijaitambua, naenda zangu kunywa chai.

Kibao sikukibandua. Nimeongeza chini yake kwa kalamu: "zamani Acacia".