Jasusi Asiyejua Jina Lake: Namna Akili Inavyojificha Baada ya Kiwewe

Wavuvi wanamwopoa katika bahari ya Mediterania, mwili wake una majeraha ya risasi. Anapopata nafuu, daktari anamuuliza jina. Hajui. Lakini mikono yake inajua kupigana, na lugha kadhaa zinamtoka bila kukwama. Ndivyo mwandishi Mmarekani Robert Ludlum alivyomtambulisha jasusi Jason Bourne mwaka 1980, na wengi wetu tukaja kumjua kwenye sinema.

Watu huuliza kama mtu anaweza kweli kusahau jina lake halafu asisahau kazi yake. Inawezekana. Kumbukumbu ya maisha yako, yaani jina, ndoa na misiba, haitunzwi kwa njia moja na ujuzi wa mikono. Anayepotewa na ya kwanza bado anaweza kusonga ugali au kuendesha baiskeli.

Risasi ya kichwa ni sehemu tu ya maelezo. Kwenye riwaya ya Ludlum, kabla ya ujasusi mtu huyu aliitwa David Webb, akiishi Kambodia. Ndege ya kivita ikamuulia mke na watoto. Badala ya kukaa matanga, aliingia vitani, kwenye kikosi cha siri, kwa jina jingine. Baadaye akavaa jina jingine tena. Kwa maoni yangu, kusahau kwake kulianza pale msibani, si baharini.

Hali hii tunaiita mtengano wa nafsi. Mfaransa Pierre Janet aliieleza kwa kina tangu mwaka 1889. Hatari ikimzidi mtu, hawezi kukimbia wala kupigana, akili hujitoa: mwili upo, hisia hazipo. Walionusurika ubakaji, ajali au vita husema, “Nilikuwa kama najitazama kwa mbali.” Huo si wazimu wala udhaifu wa imani. Saa ile ulikuwa ndiyo kinga pekee waliyokuwa nayo. Taabu huja kinga ikigeuka mazoea, mama akamkumbatia mwanawe asihisi kitu, au mtu akajikuta kituo cha basi asijue amefikaje.

Jina Bourne lina mwenyewe wa kweli pia. Ansel Bourne, mhubiri wa Rhode Island, Marekani, alitoa fedha benki Januari 1887, akatoweka. Machi aliamka Norristown, Pennsylvania, ameshtuka: majirani walimjua kama A. J. Brown, mwenye duka dogo la peremende na matunda, mtu mtulivu kabisa. Mwaka 1890 mwanasaikolojia William James alimtia katika hipnosi, yaani hali kama usingizi inayoletwa kwa maneno, si kwa dawa, na Brown akajitokeza tena, akikumbuka duka lake. James alijaribu kuziunganisha kumbukumbu za watu hao wawili, hakuweza. Huyu hakuwa na bastola wala maadui. Wagonjwa wetu wanafanana naye kuliko wanavyofanana na jasusi, na wengi wao husahau kipande tu: siku ile, nyumba ile, sura ile.

Hapo ndipo hadithi za kijasusi zinanitia wasiwasi. Zinaonyesha kwamba asiyehisi ndiye hodari. Nimewasikia vijana wakijisifu hawajalia tangu walipomzika baba, na nyumbani wanasifiwa kwa hilo.

Ukimkuta mtu hajui jina lake au alipo, mpeleke hospitali kwanza. Jeraha la kichwa, kifafa, malaria kali na kushuka kwa sukari huleta hali kama hiyo, na haviwezi kusubiri. Kwa yule anayezubaa kila akikumbushwa yaliyompata, mwite kwa jina, kwa sauti ya chini. Mwambie leo ni siku gani na yuko wapi, akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, akutajie vitu anavyoviona chumbani. Usimbane asimulie. Mtaalamu wa afya ya akili naye huanza kwa kumjengea usalama, na habari ya siku ile huja baadaye, kidogo kidogo, kwa kasi ya mgonjwa mwenyewe.