Kwa nini ndizi haina mbegu

Menya ndizi mbivu, ikate vipande vya mviringo, kisha tazama katikati. Utaona vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga katika sehemu tatu. Wengi hudhani ndizo mbegu, na wapo wanaoniuliza kama vikipandwa vitaota. Havioti. Ni ovuli, yaani vitu ambavyo vingekuwa mbegu kama vingetungishwa. Tunda limenenepa lenyewe bila utungisho wowote. Kazi yangu ni kuzalisha aina mpya za migomba, kwa hiyo vidoa hivyo ndio ugomvi wangu wa kila siku. Na kwa kuwa wanafunzi wanaotutembelea huja wamekariri kwamba mitosisi inatoa seli mbili na meiosisi seli nne, bila kujua hesabu hiyo ina maana gani, nimeona niwaeleze kupitia mgomba.

Tuanze na iliyo rahisi. Seli ya mwili, iwe yako au ya mgomba, ikitaka kugawanyika hunakili kwanza kromosomu zake zote, yaani nyuzi zinazobeba urithi, huzipanga katikati, halafu nakala moja huvutwa huku na nyingine kule. Zinabaki seli mbili zinazofanana na ile ya mwanzo. Hiyo ndiyo mitosisi. Ndiyo inayoziba kidonda, ndiyo iliyokukuza kutoka seli moja, na ndiyo inayotoa chipukizi ubavuni mwa tunguu la mgomba. Mkulima wa Kagera anapong'oa chipukizi na kulihamishia kwenye shimo jipya, hapandi mtoto wa mgomba ule kwa maana tunayoijua sisi wanadamu. Anapanda mgomba uleule, na mgomba huo hauna baba.

Seli za uzazi haziwezi kutengenezwa hivyo. Binadamu ana kromosomu 46. (Vitabu vilisema 48 kwa miaka mingi, mpaka wanasayansi Tjio na Levan walipohesabu upya mwaka 1956.) Kama yai lingebeba 46 na mbegu ya kiume 46, mtoto angezaliwa na 92, na mjukuu 184. Kwa hiyo meiosisi huzikutanisha kwanza kromosomu jozi kwa jozi: ile uliyopata kwa mama hulala ubavuni mwa ile ya baba, zikabadilishana vipande, ndipo zikaachana. Seli hugawanyika mara mbili mfululizo na kila gameti, yaani seli ya uzazi, hubaki na 23. Kule kubadilishana vipande ni sababu mojawapo ya ndugu wa tumbo moja kutofanana. Shika neno jozi, maana ndipo mgomba unapokwama.

Ndizi za kupika za Kagera, ndugu wa matoke ya Waganda, zina kromosomu 33: seti tatu za 11. Tatu haigawanyiki kwa mbili. Wakati wa meiosisi, kromosomu mbili zikishikana ya tatu hukosa mwenzi na kuvutwa upande wowote, au zote tatu hung'ang'aniana. Gameti inayopatikana huwa na hesabu ya ovyo, na nyingi hufa. Hilo linaonekana waziwazi kwenye hadubini. Ukiipaka rangi chavua (unga wa ua dume) ya mgomba pori, chembe zake huwa nono na hupokea rangi vizuri. Za mgomba wa kupika, nyingi zimesinyaa na ndani ni tupu. Mgomba wa aina ya Mshale, wa Kilimanjaro, ni kisa kingine: una kromosomu 22, jozi zipo, na bado mbegu ni nadra. Huo nitauandikia siku nyingine.

Seti ya tatu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kosa la meiosisi. Gameti moja haikupunguza kromosomu zake, ikabaki na 22, ikakutana na ya kawaida yenye 11. Ndizi za Cavendish zinazojaa kwenye maduka ya Ulaya zilianza hivyo, na uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba mzazi aliyetoa seti mbili ni wa ukoo wa Mlali, migomba inayopatikana pwani yetu, Komoro na Madagaska. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi zaidi.

Mimea huvumilia seti za ziada. Ngano ya mkate ina seti sita. Hata sembe ya ugali wako ni tishu yenye seti tatu, kwa sababu chavua ya mhindi hushusha mbegu mbili za kiume ndani ya ovuli: moja hutungisha yai, ya pili huungana na viini viwili vilivyo jirani na kutengeneza chakula cha kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu.

Sisi hatuvumilii. Mbegu mbili za kiume zikiingia yai moja, kromosomu huwa 69, na mimba hiyo karibu kila mara huharibika. Hata moja ikizidi ni shida: kromosomu tatu za namba 21 ndizo hali ya Down, ambayo huchelewesha ukuaji wa akili wa mtoto, kama mtafiti Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walivyoonyesha mwaka 1959. Mara nyingi kosa hutokea kwenye yai, na sababu mojawapo ni muda. Mayai ya msichana huanza meiosisi akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama njiani, na kila moja hungoja hadi zamu yake ya kupevuka. Yai la mwanamke wa miaka 40 limengoja zaidi ya miaka 40. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali hiyo ni kama 1 kati ya 1,500 kwa mama wa miaka 20, na kama 1 kati ya 100 kwa wa miaka 40. Nayasema haya kwa sababu karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza zina hitilafu ya kromosomu. Mama aliyepoteza mimba husemwa kwamba alibeba ndoo nzito, au kwamba amerogwa. Aachwe apumzike.

Turudi shambani. Shamba la machipukizi ya mgomba mmoja ni mmea mmoja uliorudiwa, na ugonjwa ukiupata mmoja huwapata wote. Mnyauko wa bakteria uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, na wadudu huubeba kupitia ua dume. Kwa kuwa ua hilo halihitajiki ili ndizi zinenepe, tunashauri livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chana ya mwisho inapotokea. Kisu kikitumika kitabeba bakteria hadi mgomba wa jirani.

Kupata aina mpya kunahitaji mbegu, na mbegu ndiyo hakuna. Alfajiri tunapaka maua ya kike chavua ya mgomba pori, mara nyingi ule uitwao Calcutta 4, tunayafunika, na mkungu ukiiva tunaponda ndizi zote na kuchuja. Mikungu mingi haitoi kitu. Bahati ikiwepo unakuta mbegu moja nyeusi, ngumu, ukubwa wa pilipili manga. Udongoni ingeota kwa shida, kwa hiyo tunatoa kiinitete na kukikuza maabara. Mche huo huwa mara nyingi na kromosomu 44: mama ametoa 33 zote bila kupunguza, baba 11. Tunauzalisha tena na mgomba wenye 22, na mtoto anarudi kwenye 33, bila mbegu, kama walaji wanavyotaka.

Mahuluti (migomba chotara) ya NARITA, ya taasisi za utafiti NARO ya Uganda na IITA, yalipatikana kwa njia hiyo, na mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne kutoka humo, zikaitwa TARIBAN. Kabla ya hapo ilibidi zipikwe na kuonjwa. Mahuluti ya zamani ya FHIA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Honduras, yalizaa mikungu mikubwa ajabu, lakini wengi Kagera waliona hayafikii ndizi zao yakiwa sufuriani, wakayatumia kama ndizi za kuiva na za pombe tu.