Chungu cheusi cha San Ildefonso

Nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa ufinyanzi picha ya chungu cheusi cha mfinyanzi Maria Martinez, swali la kwanza halibadiliki: amepaka rangi gani? Hakupaka. Udongo wa San Ildefonso, kijiji chake huko New Mexico, Marekani, una chuma ndani yake, na ukichomwa kawaida hutoka mwekundu kama tofali. Weusi huingia mwishoni, motoni.

Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko na watu wa Maria, hufinyanga bila gurudumu. Mfinyanzi husokota udongo kama kamba, akaupandisha mzingo juu ya mzingo, kisha akakwangua kuta kwa kipande cha kibuyu mpaka unene ulingane. Udongo mtupu hupasuka, kwa hiyo San Ildefonso wanachanganya majivu ya volkano. Kule Acoma, kijiji kingine cha Wapueblo, husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika. Sisi tunasema mfinyanzi hulia gaeni; Acoma, gae lenyewe hurudi kuwa chungu!

Kikishakauka, chungu hupakwa udongo mwembamba kama uji, kisha husuguliwa kwa jiwe laini. Kule kung'aa kote ni kazi ya jiwe, hakuna vanishi. Mawe hayo watu huyarithi kwa mama na bibi zao. Ukianza kusugua huachi hata mgeni abishe hodi, maana uji ukishakauka jiwe linakwaruza tu.

Sasa moto. Vyungu hupangwa juu ya wavu wa chuma, vikafunikwa kwa mabati na vipande vya samadi kavu ya ng'ombe. Joto likishapanda vya kutosha, mfinyanzi humwaga samadi ya farasi iliyosagika juu ya moto wote, hewa ikakatika. Moto ulionyimwa hewa huitafuta oksijeni popote, hata kwenye chuma kilichomo udongoni. Moshi nao hupenya na kuacha kaboni. Hapo ndipo chekundu huwa cheusi.

Mara yangu ya kwanza kujaribu nilifukua mapema, kiherehere tu cha kutaka kuona. Hewa ikakikuta chungu kingali cha moto, na ubavu mmoja ukageuka kahawia mbele ya macho yangu, doa la ukubwa wa kiganja. Kipo mezani kwangu hadi leo, natilia kalamu.

Vyungu vyeusi vilikuwepo kabla ya Maria, na majirani zao wa Santa Clara nao wanavyo: Margaret Tafoya aliacha mitungi mikubwa iliyobonyezwa alama ya unyayo wa dubu. Jipya lilikuja karibu na mwaka 1919, pale Julian, mume wa Maria, alipochora kwa ule uji wa udongo juu ya chungu kilichokwisha kung'arishwa. Sehemu iliyochorwa haikuguswa tena na jiwe, kwa hiyo ilitoka motoni imefifia huku kwingine kuking'aa. Mweusi juu ya mweusi. Mchoro wake ninaoupenda kuliko yote ni Avanyu, nyoka wa maji mwenye pembe, akiuzunguka mwili wa chungu.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana "chungu cha Maria", humwomba akipindue tuone kitako. Julian alifariki mwaka 1943. Baada yake alichora mkwe wao Santana, kisha mwana wao Popovi Da. Sahihi hufuata mkono: Marie na Julian, Marie na Santana, Maria na Popovi (Marie ni Maria yule yule). Mama huyu alifinyanga, lakini vingi kati ya vyungu vyake vilivyochorwa vina mkono wa mtu wa pili, na mimi naona ni dhuluma kumtaja mmoja tu.

Ukibahatika kukishika kimoja, usikioshe wala usitie maua yenye maji. Kimechomwa kwa moto mdogo, hunyonya maji, na mng'ao ukishaharibika haurudi. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, ukirudishe rafuni.