Mgunga haupigi mluzi kuwaita sisimizi

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana anayeongoza watalii Laikipia, Kenya, na nahofia hadithi hiyo wageni wake huisikia kila siku: eti mgunga wa manundu (Vachellia drepanolobium) hupiga mluzi kuwaita sisimizi wake.

Jamani, haupigi. Ni upepo unaopita kwenye matundu ya yale manundu ya miiba, na matundu yenyewe waliyatoboa sisimizi wapate mlango. Tena upepo ndio wasioujali hata kidogo. Mwache mbuzi ang'ate tawi moja, ndipo uone. Mtikisiko wa kutafuna husafiri ndani ya mti, na sisimizi wa aina ya Crematogaster mimosae waliotulia kwenye matawi mengine hutoka mbio, matumbo juu, wakielekea penye mdomo. Watafiti Hager na Krausa walilionyesha hilo mwaka 2019. Je, mti umewaambia kitu? Wenzangu wengi husema ndiyo. Mimi nasita. Ngazi ya mbao ikilia nikajua unapanda, si kwamba ngazi imeniita.

Malipo ni nyumba ndani ya miiba na nekta, yaani maji matamu, kwenye majani, hilo linajulikana. Lisilosemwa ni kwamba mti hupunguza mshahara. Ndani ya nyua zilizozuia tembo na twiga kwa miaka 10, migunga ilitoa nekta kidogo na manundu machache (mtafiti Palmer na wenzake, 2008). Mimosae wakadhoofika, nafasi ikachukuliwa na sisimizi wengine, C. sjostedti, wanaolala kwenye mashimo ya mabuu ya mbawakawa na ambao ulinzi hauwahusu. Vifo vya miti yao ni maradufu ya ile ya mimosae.

Na tafadhali, tuache kusema "sisimizi wa mgunga" kana kwamba ni ukoo mmoja. Wako wa aina nne, na hawapatani. C. nigriceps hukata machipukizi na vikonyo vya maua, matawi yasije yakagusana na mti wa majirani wenye nguvu. Mti wao hauzai. Tetraponera penzigi huharibu vitoa nekta ili adui asitamani kuhamia. Urafiki gani huo? Halafu mwaka 2010 Palmer huyo huyo akapiga hesabu ya maisha yote ya mti, akakuta kuwapokea wapangaji wote kwa zamu, hata hao wanaouhasi, kunaufaidi. Tangu hapo kuwaita sisimizi hao "wanyonyaji" darasani nafanya kwa shingo upande.

Ukitaka mgunga unaosema na sisimizi kweli, nenda Mkomazi, Tanzania, ukautazame Vachellia zanzibarica. Maua yake yakianza kutoa chavua hutoa na harufu inayowafukuza walinzi, nyuki wafanye kazi. Baadaye harufu hupungua, na sisimizi hurudi kulinda mbegu changa.